Kodiani ya Baharia

Mwizi hakugusa vipaza sauti vipya. Hakugusa magitaa matatu yaliyoegemezwa ukutani. Alichukua kinanda cha kuvuta na kubana, kodiani moja kuukuu ambayo haikuwa imepigwa na mtu kwa miaka thelathini na mmoja.

"Huyu mwizi hana akili," alisema koplo.

"Au anazo kutuzidi," alijibu inspekta, mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi kabla ya chai.

Walikuwa ndani ya ghala la zamani la chumvi, ambalo wanakijiji walilipaka chokaa liwe ukumbi wa tamasha lao la kwanza la muziki wa zamani. Ilikuwa saa mbili asubuhi. Tamasha lingefunguliwa saa kumi. Mwenyekiti wake, mwalimu mstaafu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alizunguka pale kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Ni ya marehemu kaka yangu," alisema. "Alikuwa baharia. Aliiacha kwangu siku aliyopanda meli, na hakurudi. Leo mpigaji kutoka mjini angeifungua jukwaani mbele ya watu wote. Nimekwisha, afande!"

"Nani alijua ipo hapa?"

"Kijiji kizima. Picha yake iko kwenye bango."

"Una ugomvi na nani?"

"Mpiga ngoma mmoja, tunamwita Radi. Nilisahau kumtia kwenye orodha. Akaapa tamasha litakufa kabla halijazaliwa."

Radi aliletwa, mzee wa watu, anatembelea mkongojo.

"Jana usiku ulikuwa wapi?"

"Kitandani, na goti langu."

"Shahidi wako?"

"Goti lenyewe! Afande, mimi nikiinama kufunga kiatu naita watu waniinue. Kodiani ningeibeba na nini, na meno?"

Koplo alicheka mpaka kofia ikamwanguka. Inspekta akamruhusu mzee aende zake.

Alikwenda kukagua mlango mdogo wa nyuma. Kufuli lilikuwa zima, komeo zima. Akachuchumaa penye bawaba. Upepo wa bahari hula chuma, na skrubu zote za ghala lile zilikuwa nyekundu kwa kutu. Lakini sita za bawaba zile zilikuwa na mikwaruzo mipya vichwani. Mtu alizifungua moja moja, akaingia, kisha akazirudisha zote na kuzikaza.

"Mwizi gani anarudisha skrubu?" aliuliza koplo.

"Mtu asiyeweza kuacha kazi nusu."

Inspekta alipitisha kidole juu ya bawaba, akanusa. Mafuta. Si ya kula, na hayakuwa mazito kama ya injini. Mepesi, safi. Harufu ile ilimgonga kifuani. Mama yake aliwashonea watu nguo mpaka macho yakamkataa, na kila jioni aliitilia mashine yake mafuta kama haya haya. Alifariki miaka minne iliyopita, binti yake akiwa kazini wilaya nyingine. Kwa kitambo inspekta aliusahau wizi. Alimtaka mama yake, basi, pale pale mbele ya koplo.

"Afande? Kuna nini?"

"Mafuta ya cherehani. Nani anashona hapa kijijini?"

"Mmoja tu, mama mmoja hivi. Ndiye aliyeshona sare za wanamuziki. Jana jioni alikuja hapa kuwajaribisha, wakati wa mazoezi." Koplo akajikuna kisogo. "Loo! Kikulacho ki nguoni mwako."

Chumba cha fundi kilibanwa kati ya kinyozi na duka la simu. Sare za buluu zilining'inia mpaka mlangoni. Fundi mwenyewe, mama wa miaka sitini hivi, futi ya kupimia shingoni, hakuinua macho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unataka kushona nini?"

"Sitaki kushona. Nataka kodiani."

Cherehani ilinyamaza.

"Kodiani gani?"

"Hiyo bisibisi ndogo ni ya nini?"

"Ya cherehani."

"Na hicho kikopo?"

"Mafuta yake."

"Mafuta hayo yako pia kwenye bawaba za ghala. Nimwite koplo apekue?"

"Ha! Asije akanivurugia vitambaa vya watu."

Aliinuka mwenyewe, akafukua kapu la vipande, akatoa kodiani iliyovikwa kitambaa kipya. Vifungo vyake viwili vya ngozi, vinavyoizuia isivutwe, vilikuwa vimebanwa.

"Sijaifungua," alisema haraka, kana kwamba hilo ndilo shtaka. "Hata kifungo kimoja."

"Mbona uliichukua?"

Fundi alikaa. Inspekta akatoa daftari la maelezo.

"Aliifunga yeye, baharia mwenyewe. Alinipigia wimbo mmoja humu humu, mimi nikiwa nyuma ya cherehani hii hii. Akavibana hivi vifungo, akasema, nikirudi nitavifungua mbele yako, kisha tutakwenda kwa wazee wako. Hatukuwa tumemwambia mtu. Sauti ya mwisho iliyotoka humu ni yake, mwanangu. Leo mgeni aifungue, apige vyake, watu washangilie, mimi nibaki na nini?"

"Kifo chake ulikisikiaje?"

"Kama kila mtu. Barua ilikuja baada ya miaka minne, msiba ukawa kwa mdogo wake. Nilikwenda kama jirani, nikakaa nyuma. Watu walipewa pole, hata watoto ambao hawakumjua. Mimi nikampa pole mdogo wake, nikarudi kushona. Miaka ishirini na saba sasa. Hakuna aliyenipa pole mimi."

Kalamu ya inspekta ilisimama. Alipogeuka alimkuta mwenyekiti mlangoni, koplo nyuma yake akiomba radhi kwa kushindwa kumzuia. Mzee alikuja na matusi yake tayari, na yote yalikuwa yamemkauka kinywani.

"Wewe na kaka?" aliuliza.

Fundi akatikisa kichwa kukubali.

"Na mimi nikaitia kwenye bango. Ee Mungu wangu."

"Mwenyekiti, wewe ndiye mlalamikaji," alisema inspekta. "Nimtie pingu?"

Mzee aliingia akizipenya sare, akavua miwani, akaishika mikono ya fundi yote miwili.

"Pole, shemeji," alisema. "Pole sana, shemeji yangu. Nisamehe, sikujua."

Mama yule alilia kwa sauti, bila kujificha, kama aliyefiwa asubuhi ile. Kinyozi akaja kuchungulia, koplo akamfukuza. Inspekta aliuchana ukurasa wake wa maelezo, akautia mfukoni.

Kilio kilipopungua, mwenyekiti aliiweka kodiani magotini mwa fundi.

"Neno ni lako. Ukitaka irudi nyumbani ilivyo, nitakwenda kuwaambia watu mwenyewe."

Fundi alivipapasa vifungo vile viwili kwa muda mrefu.

"Ifunguliwe," alisema. "Lakini leo sikai nyuma."