Konokono Golini

Kaeni vizuri. Sogeeni, mwenzenu apate nafasi. Leo kuna mechi!

Huyu hapa ni Tunu. Ana miaka sita. Meno ya mbele hana, lakini sauti anayo. Tena kubwa!

Na huyu ni Bibi yake. Bibi anapenda mpira kuliko wali wa nazi. Ila macho yake yamechoka. Akitazama mbali, anaona ukungu tu.

Jumamosi mchana, Kaka Mbwana alileta katuni mpya kwenye banda lake la video. Katuni ya mpira! Timu ya Nyani na Timu ya Bata, fainali.

"Twende, Bibi," alisema Tunu. "Mimi nitakuwa redio yako."

Banda lilijaa watoto pomoni. Bibi alikaa kwenye benchi la mbele. Tunu akajibana ubavuni mwake. Prrriii! Filimbi ikalia.

"Enhe," akauliza Bibi, "mpira uko wapi?"

"Nyani anao! Anampa mwenzake! Bata anateleza, pwaa!"

"Shhh!" wakasema watoto wote. "Tunu, punguza sauti!"

"Na golini kwa Bata yuko nani?"

"Konokono, Bibi."

"Konokono? Golini? Makubwa haya!"

"Anatambaa, Bibi. Anakwenda pembeni, kushoto. Pole... pole... pole."

"Anafuata nini huko?"

"Hata sijui! Mpira wenyewe uko mbali!"

"Shhh! Tunu, punguza sauti!"

Kaka Mbwana akaja. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, baba."

Kisha akamwinamia Tunu. "Wewe! Neno moja tu tena, unatoka nje."

Tunu akaziba mdomo kwa mikono miwili. Hakutaka kutoka nje. Lakini nani angemwambia Bibi mpira uko wapi? Alisikia huzuni, jamani.

"Enhe," akanong'ona Bibi, "mpira uko wapi?"

Mm! Mm! Maneno yalijaa mashavuni.

Tunu akakishika kiganja cha Bibi. Kiganja kikawa uwanja. Kidole cha Tunu kikawa mpira. Huku, kule. Huku, kule.

Kisha kidole kikatambaa pembeni. Pole... pole... pole.

"Konokono!" akasema Bibi. "Weee, unanitekenya! Kwi kwi kwi!"

"Shhh!" wakasema watoto wote. "Bibi, punguza sauti!"

Kipindi cha kwanza kikaisha. Cha pili nacho kikakaribia kwisha. Bado sifuri kwa sifuri.

Dakika ya mwisho, Bata mmoja akamkwatua Nyani. Pu, chini! Penalti!

Hapo hapo spika ikafanya krrr... krrr... tu! Kimya. Picha ipo, sauti hakuna.

Kaka Mbwana akaigonga spika. Akaipuliza. Akachezesha waya. Wapi!

Watoto wakatazamana. Penalti bila sauti? Ni kama uji bila sukari.

Katika kimya kile, Bibi akauliza taratibu, "Mpira uko wapi? Mbona mmeniacha peke yangu?"

Tunu akautazama mlango. Akamtazama Kaka Mbwana. Akamtazama Bibi.

Akaitoa mikono mdomoni. Bora atoke nje kuliko Bibi akose penalti.

"Nyani anauweka mpira chini, Bibi," akanong'ona. "Anarudi nyuma..."

"Tunu!" ikaita sauti kutoka nyuma.

Masikini, Tunu akasimama. Akaanza kwenda mlangoni.

"Unakwenda wapi?" akauliza mtoto wa nyuma. "Ongeza sauti!"

"Ndiyo!" wakasema watoto wote. "Tunu, ongeza sauti!"

Hata Kaka Mbwana akamnyanyua, hop, juu ya benchi. "Haya, tangaza! Fanya haraka!"

Basi Tunu akavuta pumzi, akaifungulia sauti yake yote.

"Nyani anakimbia! Anapiga, puuu! Mpira unakwenda pembeni, kushoto! Na pale pembeni yuko nani?"

"KONOKONO!" likajibu banda zima.

"Ameanza safari tangu kipindi cha kwanza! Na sasa ndiyo anafika! Mpira unagonga gamba lake, KO! Unarudi juu! Unavuka uwanja mzima! Unampita kipa wa Nyani... unaingia! Goooooli!"

Loo! Watoto wakarukaruka. Bata wakabebana. Konokono akabaki pale pale, akijiuliza kelele za nini.

Bibi naye akasimama, akarusha kanga yake juu. "Konokono wangu! Nilijua tu kuna kitu anafuata!"

Walirudi nyumbani wameshikana mikono. Tunu alitangaza njia nzima. Kuku anavuka! Jirani anaanua nguo! Mbuzi ameotea!

Usiku ulipoingia, sauti ya Tunu ilikuwa imekwisha. Alilala kando ya Bibi, chini ya chandarua.

"Bibi," akasema kwa sauti ya kukwaruza, "nakupenda."

"Nami nakupenda, redio yangu. Sasa shhh. Punguza sauti."

Bibi akakishika kiganja cha Tunu. Kidole chake kikaanza kutambaa pembeni. Pole... pole... pole.

"Enhe," akanong'ona Bibi, "mpira uko wapi?"

Redio yake ilikuwa imeshalala.