Madirisha Mawili ya Mgahawa wa Ester

Asubuhi ya kijiji cha Qurus ina baridi na vumbi, na ukikaa kando ya barabara unapata vyote viwili bila kulipa. Ester alikuwa anakaa kando ya barabara kila siku. Alikuwa na sufuria ya uji, beseni la maandazi na vikombe vyake vya bati. Malori ya vitunguu yalipopanda kutoka Mang'ola yalisimama pale ili injini zipoe. Madereva na vijana wao waliteremka wakijinyoosha.

"Mama Boazi, uji wako una mchanga leo!" dereva mmoja alisema.

"Mchanga ni wa serikali, uji ni wangu," Ester akamjibu. "Kunywa wa kwangu. Wa serikali uache chini ya kikombe."

Watu wakacheka na kuongeza kikombe cha pili. Lakini Ester hakuwa na raha. Siku za mgambo hakuna aliyecheka. Mgambo walipotokea, akina mama wote waliokuwa wakiuza pale barabarani walibeba sufuria zao na kukimbilia kwenye mahindi. Hawakuwa na leseni. Siku moja Ester alichelewa kukimbia, na uji wake wote ukamwagwa. Mbwa wa jirani ndiye aliyeshiba.

Jioni ile Ester alimwambia mumewe, "Nikolaus, nimechoka kukimbia kama sungura. Nataka nyumba ya kuuzia chai. Nataka na leseni yake."

Nikolaus alikuwa mkulima wa mahindi na maharage, mtu wa maneno machache. Alifikiri kidogo, akasema, "Nyumba kwanza. Leseni ni karatasi tu, tutakwenda kuichukua."

Kauli hiyo ndiyo iliyowaletea taabu, ingawa siku ile ilionekana ya busara.

Ester alipika pombe, kama desturi ya Wairaqw ilivyo mtu anapotaka kusaidiwa kazi. Majirani walikuja na majembe, mapanga na fito. Wanaume walisimika nguzo, wanawake wakachota maji na kukanyaga udongo. Hakuna aliyedai hata senti. Kabla jua halijazama, nyumba ilikuwa imesimama pembeni ya uwanja wa Nikolaus, ikitazama barabara.

Ilikuwa nyumba nzuri ya Kiiraqw. Kuta zake zilikuwa nene na paa lake chini. Ilikuwa na mlango mmoja na haikuwa na dirisha hata moja. Nani aweke dirisha pale, baridi ya Qurus ipitie humo? Jiko liliwekwa ndani, katikati, ili watu wapate joto.

Fedha za mavuno zilinunua mabenchi, masufuria na vikombe vipya. Zilizobaki Ester alizifunga kwenye kitambaa. "Hizi ni za leseni," alisema. Hakujua leseni ni bei gani. Hakuwa ameuliza.

Alipokwenda ofisi ya kata, katibu alimweleza taratibu. "Leseni inatoka kwa afisa biashara kule wilayani Mbulu, mama. Lakini huwezi kufika kwake mikono mitupu. Lete barua ya kijiji. Upimwe na daktari, uwe na cheti cha afya. Tena bwana afya aje aikague nyumba na kuandika kwamba inafaa."

"Yote hayo kwa chai?"

"Chai inaingia tumboni mwa watu, mama."

Bwana afya wa Karatu aliitwa Thomasi. Alikuja kwa baiskeli. Aliinama kupita mlangoni, akaingia, na kwa muda watu walisikia kikohozi chake tu. Alitoka akifuta machozi.

"Mama, ndani sioni hata mkono wangu," alisema. "Hakuna dirisha. Jiko liko pamoja na wateja. Sakafu inatimka vumbi. Mteja akitaka kunawa, atanawa wapi? Siwezi kuandika kwamba nyumba hii inafaa."

"Kwa hiyo tubomoe?" Nikolaus aliuliza. Sauti yake ilikuwa imepanda.

"Mimi sijasema mbomoe. Nimesema haifai hivi ilivyo."

Thomasi alipanda baiskeli yake akaenda. Nikolaus aliipiga nguzo teke, akaumia kidole, hasira ikazidi.

"Tutajenga nyingine, ya kisasa, ya bati," alisema. "Jumamosi nampeleka mtamba wako mnadani. Fedha yake itajenga, itakata leseni, na ikibaki tutampa mtu wa kutusukumia mambo huko Mbulu."

 Mtamba yule Ester alipewa na mama yake mzazi. Sasa mtamba alikuwa na mimba, karibu kuzaa. Maziwa yake ndiyo yaliyokuwa yatiwe kwenye chai. Ukiuza ng'ombe ili upate mgahawa, mgahawa utauza chai ya nini?

"Nikolaus, nipe hadi Jumamosi," alisema.

"Hadi Jumamosi. Basi."

Kesho yake alipita Koko Seenoi. Huyu alikuwa mama wa Kimaasai kutoka Ngorongoro. Marehemu mumewe alikuwa mlinzi katika shamba la kahawa la Oldeani, na mwenyewe alikuwa na duka la shanga na mablanketi pale Karatu. Koko kwa Kimaasai ni bibi, na kila mtu alimwita hivyo. Alipenda uji wa Ester, na alipenda vitendawili kuliko uji.

"Takwenya, Ester," alisalimu.

"Iko, Koko," Ester aliitikia, lakini kwa unyonge.

Koko aliingia kuiona nyumba mpya. Alikohoa. Akasema humo humo gizani, "Kitendawili!"

"Tega, Koko."

"Nina mgeni. Sikumpa kiti, sikumpa chakula, lakini hataki kutoka."

Ester alicheka bila kupenda. "Moshi."

"Mfungulie basi mgeni wako aende zake! Ukuta ni udongo, si jiwe. Mbona umekaa kama mtu aliyefiwa?"

Ester akamweleza yote: katibu, bwana afya, mtamba na mnada wa Jumamosi. Koko alisikiliza huku akinywa uji. Alipomaliza aliweka kikombe chini.

"Mwanangu, mimi nilipofungua duka nilifanya kosa la namna hiyo hiyo. Nilinunua mali kwanza, nikabaki sina nauli ya kwenda Mbulu. Sikiliza. Bwana afya alikwambia kisichofaa. Wewe ulimuuliza kinachotosha?"

"Hapana. Nikolaus alikuwa anapiga nguzo mateke."

"Nguzo haina leseni ya kutoa. Kamuulize Thomasi mwenyewe. Mwambie, mwanangu, hali yangu ni hii, nifanye nini kidogo kabisa ambacho kitatosha? Yeye si adui. Kazi yake ni watu wasiumwe matumbo. Haya, jambo la pili. Unataka kuuza nini humu?"

"Chai, uji, maandazi. Watu wanasema niongeze pombe na vyumba vya kulala madereva."

"Watu hao ndio watakaokulipia? Pombe ina leseni yake. Nyumba ya wageni ina yake. Anza na kile unachouza leo. Biashara ikikua, leseni utaongeza. Usilipie ng'ombe kumi wakati unakamua mmoja."

Kisha akamwomba Ester khanga aliyojitanda. Akaitandaza kwenye benchi.

"Ina pembe ngapi?"

"Nne."

"Fedha yako umeifunga yote kwenye kitambaa kimoja. Sukari ikiisha, unachomoa. Chumvi ikiisha, unachomoa. Siku ya leseni unafungua, unakuta harufu ya fedha. Pembe hii funga ya daktari. Hii ya leseni. Hii nauli ya kwenda na kurudi. Na hii ya nne, ya jambo usilolijua, maana halikosi. Fundo la leseni halifunguliwi kwa ajili ya sukari, hata mgeni awe askofu."

"Na nikikuta leseni inazidi fundo langu?"

"Ndiyo maana unauliza bei kabla ya kupanda basi. Katibu kata anaweza kukuulizia. Muulize pia mwaka wa leseni unaanza lini. Ukiikata mwaka unapoisha, utailipia tena kabla hujaifurahia."

Ester hakungoja chai ya jioni. Alikwenda Karatu kwa miguu, akamkuta Thomasi anatengeneza mnyororo wa baiskeli. Alimwamkia, akamuuliza kama alivyofundishwa. Thomasi alisimama, akachukua kijiti, akachora nyumba kwenye vumbi.

"Dirisha hapa na hapa, yatazamane, hewa ipite," alisema. "Jiko toeni nje, hata kibanda cha fito kinatosha. Sakafu ipigwe udongo na samadi mpaka isitimke vumbi. Choo chenu cha nyumbani kiko karibu, kiwekeeni mfuniko na mlango. Debe la maji na sabuni pale mlangoni. Vyombo viwe na mahali pa kukaukia juu, visilale chini."

"Bati?"

"Nani amekuambia bati? Paa lako halivuji. Mama, ungeniita kabla ya kujenga, ningekuonyesha yote haya bure. Kuja kwangu kutazama kiwanja hakulipiwi."

Ester alirudi karibu anakimbia. Nikolaus alisikiliza, akakuna kichwa.

"Kutoboa kuta zile si kazi ya mtu mmoja," alisema. "Na majirani hatuwezi kuwaita tena. Nyumba moja haiitiwi watu mara mbili. Watatucheka mpaka kule Daa."

Hapo alisema kweli. Kuwaita watu waharibu walichojenga ni aibu kubwa. Ester alilitazama zizi. Mtamba alikuwa amelala anacheua, hana habari ya Jumamosi.

"Basi wacheke," Ester alisema. "Kicheko hakina bei."

Alipita nyumba kwa nyumba, akisema ukweli. "Nyumba mliyonijengea ni nzuri. Kosa ni langu, sikuuliza kwanza. Bwana afya anataka madirisha mawili na jiko la nje. Pombe sina tena. Nina uji."

Mzee Boazi, babu ambaye mtoto wa Ester alipewa jina lake, alicheka hadi akashika mbavu. "Ulitunywesha pombe tukajenga tumefumba macho! Sasa tunyweshe uji tufumbue!"

Wakaja. Walicheka, walitania, na walitoboa. Mwanga ulipoingia kwa mara ya kwanza, wanawake walipiga vigelegele kana kwamba kuna arusi. Fito zilizobaki zilijenga jiko la nje. Nikolaus mwenyewe alitengeneza mfuniko wa choo na kichanja cha vyombo. Jumamosi ilipofika alikuwa juu ya kibanda cha jiko anaezeka. Mnadani hakuenda, na hakuna aliyemkumbusha.

Thomasi alirudi. Safari hii hakukohoa. Alisimama katikati ya nyumba, akasoma gazeti lake pale pale kupima mwanga, akacheka. Akaandika kwamba inafaa.

Barua ya kijiji ilipatikana bila malipo. Daktari alimpima Ester, fundo la kwanza likafunguliwa. Katibu kata alikuwa ameshamuulizia bei na muda, kwa hiyo alipanda basi la Mbulu akijua anakwenda kulipa nini. Alibeba karatasi zote pamoja, asije akarudishwa kwa kukosa moja.

Pale stendi ya Mbulu mtu mmoja mwenye miwani myeusi alimfuata. "Mama, leseni? Nipe ya soda, nakumalizia sasa hivi. Wewe kaa tu kivulini."

"Ahsante, mwanangu," Ester alisema. "Kivuli nimekiacha Qurus. Ofisi nitaiuliza."

Afisa biashara alitazama karatasi moja baada ya nyingine. "Unafungua nini, mama? Hoteli?"

"Mgahawa mdogo. Chai, uji na maandazi. Pombe hapana. Vyumba hapana."

"Umejieleza vizuri. Wengi hawajui, wanalipia wasichofanya." Alimwandikia. Alimweleza pia kwamba picha mbili zinahitajika. Ester hakuwa nazo. Alishika pembe ya nne ya khanga yake, akaenda kwa mpiga picha wa mtaani, akarudi mchana ule ule. Alilipa dirishani na kungoja mpaka alipopewa leseni na stakabadhi mkononi.

Mgahawa ulifunguliwa malori yalipoanza kupanda kwa wingi. Mtamba alizaa jike, na chai ya Ester ikawa na rangi ya udongo wa Qurus baada ya mvua. Leseni ilitundikwa ukutani, mahali mwanga wa dirisha ulipoangukia. Na kila mwisho wa juma Ester alitia kitu kidogo kwenye fundo la leseni ya mwaka ujao.

Asubuhi moja kelele zilisikika barabarani. "Mgambo! Mgambo!" Akina mama walitimka na sufuria zao. Ester naye, kwa mazoea, akanyakua sufuria ya chai jikoni akakimbia nayo. Alifika karibu na mahindi ndipo akakumbuka. Akasimama. Akageuka, akarudi polepole mbele ya wateja wote, uso umemwiva kwa kicheko.

"Mama, chai yetu inakwenda wapi?" dereva mmoja aliuliza.

"Ilitaka kutembea kidogo."

Mgambo waliingia. Waliitazama leseni ukutani, wakaisoma hadi mwisho.

"Iko sawa," mkubwa wao alisema.

"Basi kaeni," Ester alisema. "Ya maziwa au ya rangi?"

Wakakaa. Wakanywa. Wakalipa.

Walipoondoka, Sara, mmoja wa akina mama waliokuwa wamekimbia, alitokea kwenye mahindi na beseni la vitumbua kichwani. Alisimama mlangoni, anahema.

"Mama Boazi," alisema, "hiyo leseni inapatikanaje? Mimi nataka niweke banda la vitumbua pale ng'ambo."

Ester alimsogezea benchi na kummiminia kikombe cha chai.

"Kaa kwanza. Umeshaanza kujenga?"

"Bado. Sijachimba hata shimo moja."

"Vizuri sana," Ester alisema. "Maliza chai, twende kwa Thomasi."