Pazia la Wasemaji Wawili

Kivunaneno kilisimama kwa miguu yake mitatu penye pazia lililogawa sebule, ghorofa ya sitini, jijini Dodoma. Kazi ya mashine hiyo ilikuwa kusikia neno kwa msemaji mmoja, kumuuliza wa pili, na wakikubaliana, kuliweka kwenye kamusi ya mtandaoni ambayo dunia nzima iliisoma bure. Lugha elfu tatu zilikuwa zimekwisha kuvunwa hivyo. Kisumbi kilibakiwa na wasemaji wawili tu, na tangu Jumatatu kivunaneno kilikuwa kimekwama kwenye neno moja la mwisho.

Mhandisi Ndeshi alitazama saa, akaketi, akasimama tena. Ikigonga saa sita mchana kamusi haijakamilika, Kisumbi kingefutwa kwenye orodha ya lugha za kuvunwa.

Upande huu wa pazia alikaa Bibi Nankondo. Ng'ambo, mkwewe, Mzee Sefania. Kwa mila yao, mtu na mama mkwe wake hawatazamani wala hawasemeshani. Kwa miaka arobaini marehemu Mwasiti, binti wa huyu na mke wa yule, ndiye aliyewapelekea maneno.

"Maji ni lovi," alisema Bibi. Kivunaneno kikauliza ng'ambo.

"Silijui," alijibu Mzee.

Ndeshi uvumilivu ulimwisha. "Babu, jamani! Asubuhi umeomba maji kwa neno hilohilo!"

"Nikilikubali, mashine yenu inaondoka?"

"Leo hii. Kuna wengine wanaisubiri."

"Basi silijui."

Bibi Nankondo alishusha pumzi. "Mjukuu wangu, tangu Mwasiti afe, mwaka mzima namsikia mkwe wangu akikohoa, sina wa kumtuma nimpe pole. Nyinyi mmeleta kamusi. Sisi tumepata mdomo."

Ndeshi aliona haya. Maneno yao elfu kumi na nane aliyahesabu yote, lakini walichokuwa wakiambiana hakukisikiliza hata siku moja.

"Lakini lugha itakufa, Bibi."

"Isife. Ila ikikaa huko mtandaoni, nasi humu tumenyamaza, itakuwa inaishi wapi?" Kisha akakigeukia kivunaneno. "Mwambie akubali. Mwasiti hangependa tuwe wachoyo."

Kivunaneno kikayapeleka maneno yake ng'ambo.

"Lovi ni maji," alisema Mzee Sefania.

Kamusi ikafunguka kwa ulimwengu. Kivunaneno kikakunja miguu, kikaelea hadi kwenye garianga lililongoja hewani nje ya roshani. Ndeshi alipaswa kukifuata.

Bibi akasema jambo kwa Kisumbi, halafu akanyamaza katikati, amekumbuka kwamba hakuna wa kulifikisha. Ndeshi akarudi toka mlangoni. Akamwomba alirudie polepole, akafungua kamusi kwenye simu, akatafuta neno baada ya neno huku garianga likimpigia honi.

"Babu," aliliambia pazia, "mama mkwe anauliza kama umekula."