Kahawa Haipikwi Hemani

Kila Pasaka Raelene na mumewe Colin hupiga kambi kando ya mto, kwenye milima ya jimbo la Victoria, Australia. Mwaka huu walikuja na Beryl, mama yake Raelene. Bila kahawa ya asubuhi, mama huyo hasemi na mtu.

Asubuhi ya pili mvua ilinyesha, na baridi ilikuwa kali. Colin akaliingiza jiko dogo la gesi hemani, akafunga zipu yote.

"Jiko ndani ya hema?" Raelene akauliza.

"Nimeliweka mbali na kitambaa. Haliunguzi kitu. Acha woga, mke wangu!"

Wakanywa kahawa. Colin akaliacha jiko liwake, liwapashe joto. Muda si mrefu kichwa kikaanza kumgonga Raelene. Mama alikuwa amesinzia.

"Kahawa yote ile, na bado analala!" Colin akacheka.

Raelene akamtikisa mama. Kimya. Akataka kusimama, miguu ikakataa. Hofu ikamshika.

"Glenys! Njoo, mama haamki!"

Glenys, muuguzi mstaafu, alikuwa kwenye hema la jirani. Alikuja mbio, akafungua zipu, akazima gesi.

"Tokeni nje! Wote!"

Wakamtoa mama nje, kwenye mvua. Glenys akapiga simu ya dharura. Mara mama akakohoa, akafumbua macho.

"Mbona mnanilowesha?"

Raelene akamkumbatia, akilia na kucheka kwa pamoja. Gari la wagonjwa likawapeleka hospitali, wote watatu wakapewa oksijeni. Jioni wakaruhusiwa kurudi kambini.

"Lakini hapakuwa na moshi," Colin alisema, kichwa chini.

"Ndiyo hatari yake," Glenys akajibu. "Jiko la gesi au la mkaa hutoa hewa ya sumu. Huioni, huinusi. Unaumwa kichwa, unasinzia, basi. Usiliwashe hemani hata kama umefungua mlango."

"Na mvua ikinyesha?"

"Funga turubai kwenye miti, juu sana, pande zote wazi. Pikia chini yake, mbali na hema."

Asubuhi mvua ilirudi. Colin alifunga turubai, akachemsha maji kwenye bili, lile kopo la bati lenye mpini wa waya. Glenys akamwelekeza.

"Yakichemka, epua. Tia kahawa, koroga, funika dakika nne. Sasa nyunyiza maji baridi kidogo, machicha yazame."

Colin akaushika mpini. "Niizungushe hewani machicha yatulie, kama babu zetu?"

"Thubutu! Babu zetu walizungusha chai, na waliungua vilevile. Weka chini, umimine taratibu."

Raelene akachukua kikombe cha kwanza, akamkabidhi Glenys kwa mikono miwili.

"Dada, sijui nikushukuru vipi."

Mama Beryl akasogea, akamshika Glenys mkono, hakuuachia.

"Mimi najua," akasema, na hata kahawa alikuwa hajaonja. "Asante, mwanangu. Leo nimeamka."