Nilimpandishia Shemeji Sauti, Akaniuza kwa Umati

Sikio la kushoto, meno mawili, spika nne na shemeji mmoja. Hiyo ndiyo gharama ya tamasha la Muleba. Nimehesabu mara mbili, wasomaji wenzangu, nikitumaini nimekosea... sikukosea!

Nina miaka thelathini na sita, naishi Hamugembe, Bukoba, na kazi yangu ni fundi mitambo. Nafunga spika, nakaa kwenye miksa, watu wanacheza.

Projestus ni mdogo wa mke wangu, Joanita. Kwa ulimi wake angeweza kumuuzia Mhaya ndizi. Aliandaa tamasha uwanja wa mpira, akabandika mabango ya msanii mkubwa kutoka Dar. Nikamwambia anilipe nusu kabla sijafunga waya. Akacheka: "Shemeji, tudaiane mimi na wewe? Kwani mahari ya dada umemaliza?"

Hapo alinipata.

Uwanja ulijaa mchana kweupe. Wavuvi walitoka visiwani, wakalipa boti, wakalipa kiingilio. Alasiri dizeli ya jenereta ikakaribia kuisha, na Projestus, aliyepaswa kuinunua, ananikwepa. Nikatumia mbinu tunayoijua mafundi wote: nikakata besi. Muziki ukabaki unalia kama redio yenye betri mbovu. Watu wakazomea, mimi nikawaonyesha Projestus jukwaani huku nasugua vidole, ishara ya hela. Dizeli ikaletwa mbio. Nilijiona mjanja!

Kumbe nilikuwa najitengenezea ushahidi...

Jua likapungua, msanii hajatokea. Chupa ya kwanza ikaruka. Projestus akashika maiki, sauti yake ikawa chini. Mimi, kwa mikono yangu hii, nikampandishia ili asikike hadi getini.

"Ndugu zangu, msanii tunaye! Ila fundi amegoma, anataka hela zaidi. Si mlimwona alivyokata besi? Mwulizeni, yule pale!"

Kila neno lilisikika safi. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe cha kuzima... lakini nani anategemea kuuzwa na shemeji yake?

Wavuvi wana mikono ya kuvuta nyavu. Ngumi ya kwanza ilichukua jino, ya pili ikamchukua jirani yake. Mtu akang'oa stendi ya maiki akanipiga nayo sikio la kushoto. Nikasikia mlio mwembamba, kama spika inayopiga filimbi, kisha kimya, hadi leo. Spika walizipiga mateke hadi zikatoa utumbo. Nilijikunja chini ya meza, wakaivunja meza. Damu ilinijaa kinywani, nikashindwa hata kusema kwamba sijui lolote!

Ndipo mama mmoja muuza senene akanilalia juu, beseni lake la panzi hao wa kukaanga likamwagika. "Waitu, jamani, mwacheni! Mtaua mwana wa mtu!" Teke lililokuwa langu likamvunja yeye mkono, ndipo wakaacha.

Msanii hakuwepo. Hakuwahi hata kupigiwa simu! Projestus alishapanda bodaboda, mfuko wa kiingilio kifuani.

Sasa yuko kwa mama yao, Kishanda. Anasema aliogopa kuuawa. Namwamini. Ndiyo maana aliona heri auawe mwingine.

Jumapili baada ya ibada anakuja na wazee kuomba msamaha. Joanita keshanunua akamwani, kahawa yetu ya kutafuna. Kwetu, mgeni akichukua punje kwenye kibakuli chako akatafuna, umempokea; hakuna kurudi nyuma. Joanita analia kwamba huyo ndiye ndugu wa kiume pekee aliyebaki kwao.

Mafundi wenzangu, nawasihi: malizaneni mambo ya hela kabla ya kufunga waya, hasa na ndugu! Wala msiukatie umati muziki ili kumbana mwandaaji. Wavuvi wale hawakuwa na deni langu, na ndio niliowaadhibu.

Je, nimsogezee Projestus kibakuli? Au nimwambie aanzie kwa mama wa senene, ambaye mkono wake bado uko kwenye plasta, na hakuna mzee aliyetajwa kwenda kwake? Joanita hunipa jibu lake kila usiku kwa kuninong'oneza... upande wa kushoto.

Nishaurini nyinyi. Kwa maandishi, tafadhali.