Springi Kwanza, Skrubu Baadaye

Kila alfajiri Moshi alisambaza mikate ya mkewe kwa gari lao kuukuu la dizeli. Jumapili moja kila mwaka alilipeleka kwenye mashindano ya magari ya kupanda mlima, maana alikuwa amelifungia turbo kubwa. Jina la Moshi alilipata kwa sababu ya gari hilo, na wala hakulikataa.

Miaka mitatu mfululizo alishindwa na mwanyumba wake, mume wa dada ya mkewe. Mahali ni pale pale: kabla ya kona ya mwisho, injini inafika kikomo cha mizunguko na kugoma. Moshi anabadili gia. Mwanyumba anapita akimpungia mkono. Ilimuuma sana.

"Mwaka huu kikomo nakiondoa," alisema, bisibisi mkononi. "Nazungusha hii skrubu ya pampu ya dizeli tu, basi."

"Injini ikifa, mikate nitaibeba kichwani?" mkewe alimuuliza. Hakungoja jibu. Alimwita jirani yao, fundi wa pampu mstaafu, ambaye mtaa mzima humwita Bibi Nozeli.

Bibi alifika, akamnyang'anya bisibisi. "Tamaa mbele, mauti nyuma, mwanangu. Unauona mlango wa duka lenu, ule wa springi? Wateja wakipita mmoja mmoja, unajifunga. Wakimiminika, je?"

"Unabaki wazi."

"Na vali, vile vilango vya injini, ni hivyo hivyo. Injini ikizunguka kupita kiasi, springi laini hazizifungi kwa wakati. Pistoni inapanda, inazigonga. Kwisha habari."

Moshi alinywea. "Kwa hiyo nibaki na kikomo changu?"

"Nani kasema? Funga springi ngumu kwanza. Kagua boliti za konrodi, vile vyuma vinavyoshika pistoni, na mkanda wa taimingi unaoendesha vali. Ndipo skrubu, kidogo kidogo, macho kwenye mita ya mizunguko. Nguvu ikianza kushuka, komea hapo. Dizeli haiungui upesi. Ukizidisha, unaongeza kelele tu."

Walifanya kazi wiki mbili. Kutoka mizunguko elfu nne na mia tano kwa dakika, wakaishia elfu tano. Moshi alitamani elfu sita, Bibi akamtolea macho.

Jumapili ikafika. Kabla ya kona ya mwisho, mkono wa Moshi ulikimbilia gia kwa mazoea. Akauzuia. Injini ikaendelea kuvuta! Kwenye kioo alimwona mwanyumba akihangaika na gia yake. Moshi akampungia mkono, akavuka mstari wa mwisho akiwa wa kwanza. Mkewe alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka.

Jumatatu alfajiri gari liliwaka mara moja. Duka la mwanyumba huwa la mwisho kupelekewa mikate. Siku hiyo Moshi alianzia hapo.