Kuku Waliobaki Bandani

Kila asubuhi Ndoto alisimama mlangoni mwa banda na kusahau dunia. Vumbi la maranda lilielea kwenye miale ya jua, na kuku walinong'ona kama watu walioamka nusu. Jina la Ndoto alipewa na shangazi yake, maana akitumwa chumvi hurudi na sukari.

Siku mwenye hoteli alipokuja kununua kuku wa nyama, aliwaacha wawili, mtetea na jogoo.

"Hawa wadogo mno," alisema. "Mifupa mitupu."

"Basi watabaki kwa mbegu," shangazi akajibu. "Wepesi ndio wanaodumu. Ndoto, wape kikombe kimoja asubuhi, kimoja jioni. Usizidishe."

Lakini Ndoto alimwonea mtetea huruma. Kila alipofumba macho alimwona amekuwa mkubwa kama wingu, mweupe, amejaza ua mzima. Akawa anampa kikombe cha tatu kwa siri. Kuku alinenepa kweli, na Ndoto akafurahi, mpaka mchana mmoja wa joto alipomkuta amelala ubavu, mdomo wazi, miguu haimbebi.

"Shangazi! Anakufa!"

Shangazi alimbeba hadi kivulini, akamnywesha maji. "Mbona mzito hivi? Umempa nini?"

Ndoto alitaka kusingizia jua. Akamtazama kuku anavyohema, akashindwa.

"Nilikuwa namwongezea chakula. Nilitaka awe mkubwa."

Shangazi alivuta pumzi. "Afadhali umesema. Ningehangaika kutafuta dawa ya ugonjwa asio nao."

Wakarudi kwenye kipimo. Ndoto alitawanya nafaka mbali mbali uani ili kuku azifuate. Mwanzoni alijikokota kidogo, akakaa kitako. Ndoto naye alikaa chini kumngoja, mawingu yakipita taratibu juu ya ukuta. Polepole miguu ikapata nguvu.

Mtetea alipoanza kutaga, waliyaweka mayai chini ya kuku wa kienyeji waliyemwazima kwa jirani, kwani mwenyewe hakuwa na habari ya kuatamia. Asubuhi moja milio myembamba ilimwamsha Ndoto. Vifaranga wa rangi ya siagi walikuwa wakichungulia kutoka chini ya bawa.

Shangazi alichuchumaa kando yake.

"Kuku wa nyama hajui kushiba, mwanangu. Anayemlisha ndiye anayepaswa kujua. Huruma isiyo na kipimo humuumiza unayempenda."

Ndoto aliitikia kwa kichwa. Akanyoosha kiganja, na kifaranga mmoja akapanda, mwepesi kama pumzi.